Usimkalishe Mzee

Nikilisema jambo hili kwenye mkutano wa kijiji watu huguna, lakini miaka ya kazi ya fiziotherapia imenifanya niliamini. Huku Mbulu na Hanang, mzee aliye katika hatari kubwa ya kupoteza nguvu za miguu mara nyingi si yule asiye na wa kumsaidia. Ni yule ambaye watoto wake wamefanikiwa.

Asiye na msaada ana mateso yake, na sina nia ya kuupamba umaskini. Hata hivyo asubuhi ataamka afungulie mbuzi, ateremke bondeni, apande tena na kuni, apalilie vitunguu saumu vyake akiwa amechuchumaa, jioni akimbizane na ndama asiyetaka kuingia zizini. Mwenzake wa nyumba ya pili amejengewa ya bati jekundu, sebuleni kuna sofa la kuzama na king'amuzi, jikoni kuna msichana wa kazi. Mtoto akipiga simu kutoka Arusha au Dar es Salaam, neno la kwanza ni, "Mama, pumzika. Umehangaika vya kutosha." Jembe linafichwa. Maji yanaletwa na punda wa kukodi. Kanisani anakwenda na bodaboda, mnadani bodaboda, hata kwa jirani wa ng'ambo ya korongo ni bodaboda. Miaka miwili haijaisha, mama hawezi kuinuka kwenye lile sofa bila kuvutwa mkono, na ukoo mzima unakubaliana kwamba ni uzee.

Uzee upo, siukatai. Lakini sehemu kubwa ya kinachoitwa uzee katika nyumba hiyo ni matokeo ya kukalishwa.

Tuanze na misuli. Kuanzia miaka ya thelathini binadamu hupoteza misuli kidogo kidogo, kati ya asilimia 3 na 8 kila miaka 10, na akishavuka 60 kasi huongezeka. Hilo ni la umri na hakuna anayelikwepa. Kinachoongeza balaa ni kutotumia kile kilichobaki. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio ambalo wazee wenye afya njema, wastani wa miaka 67, walikaa kitandani siku 10. Hawakuwa na homa, wala kidonda, wala njaa, walilala tu. Walipopimwa, kila mmoja kwa wastani alikuwa amepoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguuni. Sasa fikiria mzee aliyelazwa wiki mbili kwa nimonia, kisha akarudishwa nyumbani kwa watu wanaompenda sana ambao kwa miezi mitatu mingine hawamruhusu hata kutoka nje kuota jua peke yake.

Habari njema ni kwamba misuli haina kinyongo. Mwaka 1990 Dk. Maria Fiatarone na wenzake mjini Boston waliwachukua wakazi 10 wa makao ya wazee, wenye umri wa miaka 86 hadi 96, wakawapa kazi ya kusukuma uzito kwa miguu kwa wiki 8. Tisa walimaliza. Nguvu za miguu ya hao tisa ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Hao walikuwa watu wa miaka tisini, wengi wao na magonjwa kadhaa mwilini. Kila ninapoambiwa "mzee wa miaka sabini atajifunza nini tena?", huwa nawataja.

Jambo moja zaidi kuhusu misuli, kwa sababu ndilo linaloeleza maanguko mengi. Ndani ya msuli mna nyuzi za namna mbili. Za kwanza ni za mwendo wa polepole: hizo hukuwezesha kutembea kutwa nzima nyuma ya ng'ombe. Za pili ni za haraka, nazo huokoa mwili pale mguu unapoteleza. Uzee hula zaidi hizi za pili. Ndiyo maana utamwona mzee akienda mnada wa Haydom kwa miguu na kurudi bila shida, halafu akaanguka vibaya mlangoni kwake kwa kukanyaga gunzi la hindi. Kutembea peke yake, pamoja na faida zake zote, hakumtoshi. Anahitaji pia kazi za kuinuka, kunyanyua, kuvuta na kupanda, pamoja na kazi za kupima mizani ya mwili.

Kwa ushahidi wa nguvu za uzeeni hatuna haja ya kuishia Boston. Ukiteremka kutoka nyanda za juu za Mbulu kwenda Yaeda Chini, baridi inakuacha, mibuyu inaanza, na unaingia nchi ya Wahadzabe. Ni watu elfu moja na mia chache tu, waliotawanyika kuzunguka Ziwa Eyasi na bonde la Yaeda, na sehemu yao ambao bado wanaishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi wamepimwa na wanasayansi wa dunia kuliko karibu jamii yoyote nyingine ya Afrika Mashariki. Inanishangaza kwamba matokeo ya vipimo hivyo yanajadiliwa Marekani na Ulaya kila mwaka, na hapa Mbulu, wilaya yao wenyewe, hayasikiki.

Mwaka 1989 Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones waliandika kuhusu bibi wa Kihadzabe. Walikuwa wamekaa nao, wakihesabu saa na kupima uzito wa chakula kilicholetwa kambini. Walikuta kwamba wanawake waliokwisha kukoma hedhi hawakuwa mzigo wa kambi hata kidogo. Walitumia saa nyingi zaidi porini kutafuta chakula kuliko wanawake wenye umri wa kuzaa. Mwaka 1997 wakaongeza jambo zito zaidi: mama akishajifungua na kulazimika kushughulika na kichanga, hali ya watoto wake waliokwisha kuachishwa ziwa hufuata bidii ya bibi yao. Bibi akichimba sana, mjukuu ananenepa. Wapo wanasayansi wanaoamini kwamba hiyo ndiyo sababu mwanamke hupewa miaka mingi ya kuishi baada ya uzazi wake kukoma, na ubishi wao haujaisha. Mimi nabaki na lile lisilobishaniwa: bibi anachimba.

Na kuchimba kwenyewe si mchezo. Mzizi umejikita chini ya mawe, chini ya mti wa miiba. Bibi hupiga goti au hukaa chini, akagonga ardhi kwa mti uliochongwa ncha na kukomazwa motoni, akasikiliza mlio, akachimba, akang'oa jiwe kwa mikono miwili, akaliviringisha pembeni. Hapo mabega yanafanya kazi, kiuno kinazunguka, mapaja yanasukuma. Kisha anasimama na kuhamia shimo jingine, na mwisho wa yote anajitwika mzigo na kurudi kambini. Ningeombwa kumbunia mwanamke wa miaka 68 programu kamili ya mazoezi, yenye nguvu, mizani, unyumbufu na mwendo, nisingeandika kitu bora kuliko hicho.

Watafiti wengine waliwafunga Wahadzabe vipimo vya mapigo ya moyo kifuani. Matokeo yaliyochapishwa 2017 na David Raichlen, Herman Pontzer na wenzao yalionesha kwamba mtu mzima wa Kihadzabe hupata wastani wa dakika 135 kwa siku za shughuli inayouamsha moyo. Presha ya kupanda ilikuwa nadra kwao, hata kwa wenye umri mkubwa. Utafiti wa awali wa 2012 ulikuwa umeonesha kwamba mwanamume hutembea kilomita 11 na ushei kwa siku, mwanamke karibu 6.

Hapa wasomaji wengi husema: basi hao hawapumziki. La hasha, wanapumzika sana. Mwaka 2020 Raichlen na wenzake waliripoti kwamba Wahadzabe hukaa bila kutembea karibu saa 10 kwa siku, sawa tu na watu wa mijini Marekani. Tofauti ni namna wanavyokaa. Muda wao wa mapumziko hupita chini: wamechuchumaa, wamepiga magoti, wamekaa juu ya jiwe. Ukichuchumaa misuli ya miguu haizimiki. Inabaki na kazi ndogo ndogo. Na kila anayeketi ardhini lazima ainuke kutoka ardhini, mara ishirini au thelathini kwa siku, bila kuambiwa na daktari. Sofa la kuzama linamfutia mama hayo yote kwa mkupuo mmoja.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba tukaishi porini. Wahadzabe wanafiwa na watoto wengi kwa maradhi yanayotibika, ardhi yao inamegwa mwaka hadi mwaka, na zahanati zipo mbali nao. Ninachosema ni kwamba mwili wa miaka 70 uliopewa kazi na heshima unaweza mambo ambayo sisi wa sebuleni tumeshayafuta.

Sasa magoti, maana najua ndiyo pingamizi la kwanza. Kila wiki naambiwa, "Daktari, ute wa magoti umeisha." (Mimi si daktari, lakini nimechoka kusahihisha.) Mgonjwa ameambiwa hivyo na muuza dawa, au na mtu aliyepiga picha ya eksirei na kumwonesha nafasi iliyopungua kati ya mifupa, naye ameelewa kwamba kila hatua anayopiga inamalizia kidogo kilichobaki. Kwa hiyo ameacha kutembea ili autunze. Ni uamuzi wenye mantiki, isipokuwa ni kinyume na goti linavyofanya kazi. Gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, hauna mishipa ya damu. Chakula chake hukipata kutoka kwenye ute wa kiungo, na ute huo hauingii wenyewe: mguu ukibeba uzito gegedu hubonyea na kutoa majimaji, uzito ukiondoka hunyonya mapya, kama dodoki linavyofanya kwenye beseni. Goti lisilotembezwa linashinda njaa. Juu ya hapo, misuli ya mbele ya paja ndiyo inayopokea sehemu ya mzigo wa goti. Ikidhoofika, mzigo wote unaangukia kwenye mifupa na maumivu yanazidi. Mtu anakaa kwa sababu goti linauma, kisha goti linauma zaidi kwa sababu amekaa.

Kipimo ninachowapa ni hiki. Maumivu madogo wakati wa kutembea au kuinuka yanavumilika, mradi kesho yake asubuhi goti liko kama lilivyokuwa jana. Likiamka limevimba, limekuwa la moto au linauma kuliko kawaida, basi jana ulizidisha. Punguza nusu, usiache. Goti lililovimba ghafla na kuambatana na homa ni jambo jingine kabisa, hilo lipelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Na kwa kuwa tunazungumzia magoti ya Mbulu, nitaje goti mashuhuri kuliko yote. John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, aliumia vibaya goti kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, Oktoba 1968, akamaliza wa mwisho akiwa amefungwa bandeji, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Hadithi hiyo kila mtu anaijua na kila mtu anaishia hapo. Wachache hukumbuka kwamba mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, goti lilelile lilimfikisha nafasi ya 5 ya marathoni. Goti lililoumia halikustaafishwa.

Nchi yetu yenyewe ni ya milima, na hili lina maana kwa mzee. Kainam na kwenye vilima vyote vya nchi ya asili ya Wairaqw hakuna njia tambarare: unapanda au unashuka. Kupanda ni kazi ya moyo na mapafu. Mzee atahema, atasimama, ataendelea. Kushuka hakumhemeshi mtu, ila humchosha kwa siri, kwa kuwa paja linafanya kazi ya breki huku msuli wake ukinyooshwa, na goti linapokea uzito mkubwa zaidi. Maanguko mengi ninayosimuliwa yametokea kwenye mteremko, wakati wa kurudi, jioni, mvua ikiwa imenyesha. Kwa hiyo kwa mwenye magoti mabaya nashauri kinyume cha desturi. Vijana humpakia mzee bodaboda wakati wa kupanda, wakamwacha ateremke kwa miguu kwa sababu "kushuka ni rahisi". Geuzeni. Apande kwa miguu polepole, ateremke na bodaboda. Asipokuwa na bodaboda ashuke kwa kukata mshazari, hatua fupi, fimbo ikitangulia.

Fimbo nayo ina elimu yake. Wazee wa Kibarbaig wa Hanang wamejaaliwa kwa hili, kwani fimbo ndefu ya mchungaji ni chombo kizuri cha mizani na hakuna anayeona aibu kuishika. Mama wa mjini anakataa mkongojo akidhani utamzeesha. Anayehitaji mkongojo mfupi, kimo chake ni hiki: asimame wima mikono ikining'inia, na mpini ufike kwenye kifundo cha mkono. Na aushike upande ulio mzima, si upande unaouma. Karibu wote hukosea hapa. Goti la kulia likiuma, fimbo iende mkono wa kushoto, itangulie pamoja na mguu wa kulia. Hivyo uzito unahamia upande mzima na nyonga inapunguziwa kazi.

Utajuaje kama mzee wako amedhoofika? Huhitaji mashine. Chukua kiti kigumu kisicho na mikono, chenye kimo cha kiti cha kulia chakula, ukiegemeze ukutani. Mzee aketi katikati, avuke mikono kifuani, na kwa sekunde 30 ainuke hadi asimame wima na kuketi tena, mara nyingi awezavyo. Simu yako ina saa. Mwanamke wa miaka 70 hadi 74 asiyefikisha mara 10, au mwanamume wa umri huo asiyefikisha 12, yuko chini ya kiwango cha wenzake, na uwezekano wake wa kuanguka ni mkubwa. Asiyeweza kuinuka hata mara moja bila kutumia mikono, huyo ndiye wa kuanza naye kesho. Dawa yake ni kipimo chenyewe: ainuke na kuketi mara tano asubuhi, tano mchana, tano jioni, mwanzoni akijisaidia kwa mikono, na kila baada ya wiki mbili aongeze kidogo. Akishazoea, mpe kiti kifupi zaidi, mpaka afike kwenye kigoda.

Kwa mizani, asimame akishika mwimo wa mlango, mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole. Akiimudu, aachie mkono mmoja. Akiimudu tena, asimame kwa mguu mmoja, mkono ukiwa tayari. Dakika tano zinatosha, chai ikiwa jikoni. Tathmini kubwa ya 2019, iliyokusanya majaribio 108 yenye washiriki zaidi ya 23,000, ilikuta kwamba mazoezi hupunguza maanguko ya wazee kwa takriban asilimia 23, na yanayofanya kazi vizuri zaidi ni haya ya mizani pamoja na kuinuka na kuketi. Dunia hupoteza watu wapatao 684,000 kila mwaka kwa kuanguka, na wengi wao ni wenye umri wa kuanzia miaka 60. Nyonga ikivunjika kijijini, ambako upasuaji ni wa mbali na wa gharama, wazee wengi tumewazika bila kusema kwamba walikufa kwa kuanguka.

Choo kisisahauliwe. Kuchuchumaa kwenye choo cha shimo ni zoezi la bure, na ni mojawapo ya sababu wazee wa vijijini wana nyonga laini. Lakini siku nguvu zinapopungua, hapo hapo ndipo hatari ilipo: sakafu imelowa, usiku, giza, na hakuna cha kushika. Watoto wengi humnunulia mama ndoo ya chumbani na kumaliza habari. Mimi ningefukia mti imara au bomba kwenye sakafu, mbele kidogo ya tundu, kimo cha kiuno, ili ashuke na kupanda kwa kuvuta. Taa ndogo ya sola juu ya mlango. Mama ataendelea kwenda chooni mwenyewe, jambo ambalo kwa mtu mzima ni kubwa kuliko sisi vijana tunavyofikiri.

Kuhusu kiasi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unataka mtu wa miaka 65 na zaidi apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, mazoezi ya nguvu angalau siku 2, na ya mizani siku 3 au zaidi. Shughuli ya wastani ni ile ambayo unahema lakini unaweza kuzungumza. Kuimba ndiko kunakokushinda. Mwongozo huo unasema wazi kwamba kazi za nyumbani na shambani zinahesabika. Kupalilia, kuchanja kuni, kusomba samadi kwa ungo, yote yamo. Na kidogo ni bora kuliko sifuri.

Wapo wanaohofia kwamba mzee akitembea sana atakonda. Wahadzabe wanatusaidia tena: utafiti wa 2012 ulikuta kwamba, ukizingatia ukubwa wa mwili, nishati wanayotumia kwa siku haitofautiani na ya watu wa Marekani na Ulaya. Mzee wetu anakonda zaidi kwa kile kilichokosekana sahanini. Wengi wanaishi kwa ugali na mboga za majani, au kwa chai na mkate kwa sababu meno yameisha. Misuli haijengwi kwa chai. Maziwa tunayo, Hanang na Mbulu hazina upungufu wa ng'ombe. Maharage, mbaazi, mayai na dagaa waliosagwa vinapatikana kwenye kila mnada. Apewe mchana na jioni, si Jumapili tu.

Tahadhari ni chache. Anayepata maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukatika pumzi akiwa katika mwendo wa kawaida asimame, apelekwe akapimwe kabla ya kuendelea. Wa kisukari akague nyayo zake kila jioni, na zile katambuga zenye msumari uliochomoza zitupwe. Anayetumia dawa za presha aketi kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama. Mwenye mtoto wa jicho aoneshwe kwa wataalamu wa macho, kwa sababu mguu haukwepi jiwe ambalo jicho halikuliona. Na ile baridi ya Mbulu ya Juni na Julai ni sababu ya kungoja jua lichomoze, si ya kushinda kitandani.

Ugumu halisi, nikiri, hauko kwenye mazoezi. Uko kwenye maneno. Mwambie mzee wa Kiiraqw "Babu, fanya mazoezi" naye atakutazama kama aliyetukanwa. Mazoezi ni ya watoto wa shule na wanariadha. Mwombe akague mpaka wa shamba kule chini kama jirani hajausogeza, naye atatoka kabla hujamaliza kusema. Mwanamume hasa ana shida ya pekee: siku anapokabidhi mifugo kwa wanawe, anakabidhi pamoja nayo kilomita zote alizokuwa akitembea, na nafasi hiyo mara nyingi hujazwa na kilabu cha pombe. Mwanamke hastaafu kirahisi namna hiyo, mpaka tumstaafishe. Wote wawili wanatembea kwa sababu kuna mtu au kitu kinachowangoja: ndama, mjukuu wa kumpeleka chekechea, kikao cha ukoo, kwaya, jumuiya ndogondogo. Mzee anayeombwa ushauri atakifuata kikao hata kama kiko vilima viwili mbele. Asiyeombwa atabaki sebuleni.

Serikali nayo ina sehemu yake. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa kuanzia miaka 60, na sensa ya 2012 ilihesabu wazee milioni 2.5 nchini, asilimia 5.6 ya watu wote. Dirisha la wazee limefunguliwa kwenye vituo vingi, na hilo ni jema. Lakini kinachotoka dirishani hapo ni vidonge. Fiziotherapia inapatikana kwenye hospitali kubwa, kama ile ya Kilutheri ya Haydom iliyofunguliwa 1955. Mzee wa kijiji cha mbali hawezi kuifuata kila wiki, na hana sababu ya kuifuata ili akainuke kitini. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, anayepita nyumba kwa nyumba, angeweza kufundishwa kipimo cha kiti, kimo cha fimbo na mti wa chooni kwa siku moja. Nawaomba waganga wakuu wa halmashauri hizi wajaribu katika kata moja tu, waone.

Wewe mtoto wa Mbulu au Hanang unayesoma haya ukiwa mjini, ombi langu kwako ni dogo zaidi. Desemba ukipanda basi kurudi Katesh, Dongobesh au Haydom, sofa liache dukani. Nunua viatu vyenye soli isiyoteleza, taa ya sola na kilo za dagaa, mwite fundi afukie ule mti chooni, na umrudishie mama jembe lake. Kabla hujaondoka mhesabie mara anazoinuka kitini kwa sekunde 30, uiandike namba hiyo kwenye simu yako. Pasaka ukirudi, mhesabie tena.